Kifungo

Mwezi bado hawajautangaza.
Mwanangu Muhannad kakaa mbele ya televisheni,
simu mkononi, utadhani yeye ndiye shahidi.
Mie nimo jikoni, hapa Al Khoudh,
unga wa mchele umenipanda mpaka viwikoni,
maana mwezi uandame usiandame
samli ikishapigwa na sukari haingoji mtu.

Vileja havitaki pupa, akisema mama,
wala havitaki mwenye kinyongo.
Sukari isagwe iwe vumbi.
Hiliki utwange mwenyewe, ya dukani imeshakufa.
Viini sita; ute weka kando, hakosi wa kuukaanga.
Marashi, hapo ndipo tulipogombana kila mwaka:
mie natia ya Jabal Akhdhar, yenye harufu ya moshi,
naye, mzaliwa wa Malindi ya Unguja,
ananusa, anakunja pua:
"Hii Idi, au nyumba imeungua?"

Joko langu lina upande mmoja mkali.
Trei ya kwanza iliungua mgongo. Hiyo yetu.
Ya pili ikapasuka kama wadi mwezi wa Juni.
Hiyo ya Muhannad, hachagui.
Ya tatu, mashallah, nyeupe,
kila kileja na nukta yake ya zafarani kichwani.
Hiyo ya watu.

Sahani ya Bi Gulnar, Mbaluchi wa mlango wa kijani,
ilikuja Shaabani na dengu. Hairudi tupu.
Sahani ya Lissi, muuguzi wa Kerala,
aliyenigongea Krismasi na keki nyeusi ya zabibu
akaapa mara tatu haina kilevi.
Dobi, bakuli la plastiki; huyo hatudaiani.

Likabaki kopo.
Kopo la bluu la biskuti, lile lililomo kila nyumba
na likifunguliwa halina biskuti:
sindano, nyuzi, zipu ya suruali ya marehemu.
Nikalimwaga kitandani, nikalifuta kwa kanga,
nikatandika karatasi,
nikapanga vileja safu kwa safu
bila ya kujiambia ni vya nani.

Ghaniya yuko Barka. Nusu saa kwa gari.
Dada yangu, tumbo moja, ziwa moja.
Miaka saba hatusemeshani,
kifungo bila hakimu,
kwa mitende kumi na miwili ya baba kule Ibra
ambayo hakuna kati yetu anayeweza kuikwea.

"Mpelekee mama yako mkubwa."
Muhannad akanitazama. "Niseme nini?"
"Sema nataka kopo langu."

Mwezi ukaonekana. Takbiri zikajaa mtaani,
nikapiga pasi kanzu, nikachoma udi,
nikajifanya sisikilizi simu.
Ikalia kabla ya alfajiri,
namba niliyoifuta na bado naijua kwa moyo.
Hakuna salamu. Hakuna Idi mubarak.
"We Rayya, unataka kunivunja meno?"

Ulimi ukanikauka.

"Kuna kifungo humu. Safu ya chini. Nimekiuma."

Nikamsikia anakisuuza, bomba linatiririka.
"Cheupe," akasema. "Matundu manne. Kimemeguka ukingo."
Kisha kimya, na maji hajayafunga.
Kila mmoja wetu alikwisha kujua:
cha gauni la mama la safari,
lile aliloshuka nalo Matrah
akiwa na sanduku moja, na Ghaniya mgongoni,
na mie bado sijaumbwa.

Sijui nani alianza kucheka.
Najua nani alianza kulia, lakini sisemi.
Akafunga bomba. Akapenga.
"Halafu moshi umezidi," akasema.
"Hii Idi, au nyumba imeungua?"

Leo Idi ya nne, kopo halijarudi.
Nikiuliza, anasema bado anatafuta cha kutia.
Kifungo hakutaja, nami sikuuliza.
Nyuzi zangu nimezihifadhi kwenye sufuria.