Bwana Tano

Jina lake Tan.
Sisi wa soko la Mwanga tukaliongezea herufi
akawa Tano, na ikamfaa,
maana ndiyo hesabu pekee aliyokuja nayo:
miguu ya kuku, "tano". Ulimi wa ng'ombe, "tano".
Elfu, mia, kilo, vipande,
yeye vidole hewani, na tabasamu.

Mgeni kuku mweupe, wanasema.
Kuku mweupe huyu alikuja kununua miguu.

Mpishi wa kambi ya reli, kila Jumamosi,
kofia ngumu kichwani kana kwamba nyama zitamwangukia.
Steki hakuitazama. Maini aliyapita
kama mtu apitavyo mlangoni pa anayemdai.
Akainama penye karai la chini,
lile ninalowawekea paka na watu wa mwisho wa mwezi:
shingo, vichwa, mapafu,
utumbo ambao bado haujajua kama utaoshwa.
Akanusa. Akafumba macho.
Mwamini wa nyanya akaninong'oneza,
"Kashindi, mwenzio anaomba dua."

Alitaka nguruwe pia. Hakuwa na neno lake,
akachukua mkaa, akachora kwenye karatasi yangu ya kufungia
mkia uliojisokota. Basi. Mkia.
Nikasema astaghafiru, nikacheka,
nikamwonyesha kwa kidevu njia ya nyuma ya gereji.

Kumbikumbi aliwala papo hapo, mabawa na yote,
kama mtoto wa Kasulu mvua ya kwanza.
Mgebuka mkavu, ule wa kunuka, alimbeba kifuani kama barua.
Kilichomshinda ni sangala.
Alimbonyeza jicho, akamgeuza,
akauliza kwa mikono: mbona hapumui?
Gwimo akamjibu, "Tano, huyu katoka Kibirizi,
hakutoka hospitali."
Meza zote zikalala kwa kicheko.

Nami nilicheka. Nikacheka mpaka nikakumbuka
mwaka nilioshuka kwenye treni hapa, bi harusi wa Tabora,
nsansa na michembe nimefunga kwenye khanga,
mawifi wakaifungua, wakaulizana kama ni dawa.
Walinipa ugali wa muhogo na dagaa wenye macho.
Sufuria nzima ilinitazama.
Mawese yalininukia rangi ya milango.
Nilimeza kwa kuhesabu, moja, mbili.
Sikufika tano.

Jumamosi moja ya masika alikuja na yai.
Akalimenya juu ya gogo langu, kwa kisu changu,
bila kuomba, kama mtu wa nyumbani.
Jeusi. Linapitisha mwanga kama chupa ya dawa ya kikohozi,
kiini chake kijani, tope la ziwani.
"La nini hili?" nikauliza. "La nyoka?"
Akalia kama bata.
Mtu mzima, mbele za watu,
mara mbili, na mabega.
Kisha akanisukumia kipande.

Kimya. Hata Gwimo.
Miaka ishirini na sita nyuma ya meza hii,
leo mgeni ni mimi.

Sema bismillahi, Kashindi.
Lilinuka jivu lililokojolewa na paka, sitadanganya.
Halafu, huku nyuma ya ulimi, taratibu,
kikaja kitu ninachokijua, kikazunguka kikitafuta jina:
magadi.
Magadi ya mama, kwenye nsansa,
yale aliyokuwa akizidisha akiwa na hasira.

Nikainua vidole vitatu.
Akakunja uso kama anayepunjwa.
Nikaongeza kimoja.

Kambi imehama, wanasema ipo Uvinza sasa.
Karai la chini bado nalijaza kila Jumamosi.
Paka wamenenepa, wanachagua.
Na mteja akiuliza miguu ni bei gani,
kabla sijafungua mdomo
mkono wangu umeshapanda wenyewe.