Mstari wa Juu

Mama mkwe alikuwa na sheria moja juu ya usar:
chimbeni popote, mstari wa juu uacheni.
Ule wa nyuma ya jiko, pale mlima unapoinama
kama mtu achunguliaye chungu cha jirani.

Majani yake hayana makuu. Mbuzi huonja, akatema.
Uhondo uko chini: mizizi kama nywele za ajuza,
unaifuma kipepeo, unakinyunyizia maji,
na mchana wa Garut unakuwa mpole usoni pako.
Kishada kimoja kati ya batiki, nondo hawaingii.
Kipande ndani ya mtungi, na mgeni anaomba maji tena
ilhali kiu ilikwisha.

Mwaka ule bei ilipanda.
Mtambo wa Engkos ulichemka usiku kucha,
bonde zima likalala ndani ya mvuke wake.
Mama mkwe yuko Bandung, anatibiwa jicho.
Shemeji Oman akaja na mtaimbo.
"Mstari mmoja tu," akasema, "ni ada ya mwanao."
Mimi ndiye niliyeshika gunia.

Desemba, mvua siku tatu.
Usiku wa nne mlima uliingia jikoni
bila hodi.
Hatukuzika mtu. Tulipoteza kuku, sufuria ya wali,
sahani kumi na mbili za harusi yangu.
Na tope lile, Mungu nisamehe,
lilinukia.
Sisemi lilinuka. Lilinukia,
kama sanduku la bibi harusi limefunguliwa gizani.

Alirudi na bandeji, jicho moja likitazama.
Harufu alikutana nayo barabarani, hakuuliza kitu.
Akainama, akavuta topeni uzi wa mzizi,
urefu wa kidole, akaukung'uta,
akaufunga kwenye pindo la sarong yake.
Kisha: "Kilo mliuza bei gani?"
Nikamtajia.
Akahesabu kwa vidole, sahani kwa sahani,
alipofika ya saba akaacha.

Tumepanda upya, shibiri kwa shibiri,
mimi mbele, Oman nyuma na maji, kimya.
Mzizi hauna haraka na mtu.

Ada ililipwa. Mwanangu yuko darasa la tatu.
Sare yake niliifukua kwa mikono,
nikaifua mara tatu, nikaianika juani siku mbili;
mwalimu bado humuuliza
nyumbani kwenu kuna sherehe gani.