Mwangwi wa Munama

Fundi Kitobo hakunifunza kwa kitabu.
Alichukua kamba ya kuanikia nguo, kule Katuba,
akaifunga kwenye mpapai nyuma ya jiko,
akanipa ncha: "Tikisa. Mara moja tu."
Nikatikisa. Nundu ikakimbia,
ikagonga mpapai, ikarudi kichwa chini miguu juu
mpaka kiganjani mwangu.
"Umeona? Kamba haikwenda popote.
Kilichosafiri ni habari."

Akaifungua, akaiachia ncha ielee kwenye uzi mwembamba.
Safari hii nundu ilirudi wima,
kama mjumbe aliyefika ukingoni
akakuta daraja limechukuliwa.

Mengine aliyasema akitafuna karanga:
kwamba nyaya mbili zilizolala pamoja zina tabia yao,
ziwe fupi kama ukanda, ziwe ndefu hadi Likasi,
tabia ile ile, omu mia na ishirini,
na mwishoni lazima awepo wa kulingana nayo,
la sivyo kilichopelekwa kitarudishwa.
Hakunisifu hata siku moja.
Miaka kumi na miwili.

Juzi simu ya reli ikafa.
Stesheni iliita Munama, Munama kimya,
mabehewa ya shaba yakingoja ruhusa juani.
Nikafungua sanduku, nikabana jozi ya nane,
nikapeleka pigo moja, jembamba kuliko kope.
Kiooni mstari ukanyooka, ukanyooka,
halafu nundu.
Wima.
Basi hazikugusana. Zimekatwa.

Igawe sekunde mara milioni, chukua vipande saba na ushei;
ndani ya waya huu kila kipande ni mita mia mbili,
lakini ni kwenda na kurudi, kwa hiyo gawa kwa mbili:
mita mia saba na ishirini.

Nilihesabu hatua kandokando ya reli,
nikapita vichuguu viwili virefu kuliko nyumba yangu.
Hatua ya mia tisa na tatu: shimo,
udongo mwekundu bado una unyevu,
majivu ya plastiki yanayokwaruza koo,
na kandambili moja ya mtoto, ya kushoto.
Mita arobaini zimekwenda kupimwa kwa kilo.

Shaba hii ilitoka humu humu.
Babu zetu waliiyeyusha ikawa misalaba ya kuposea,
wengine wakaipeleka ng'ambo, ikarudi imevutwa uzi,
ikazikwa, ikafukuliwa.
Huu nao ni mwangwi, ila kipimo chake sina.
Kandambili niliiweka juu ya jiwe, ionekane.

Tuliunga mpaka saa tisa.
Kwa mtu wa baiskeli nikampelekea Chisenga, mlinzi wa kivuko,
kizuizi kidogo kama punje ya muhindi
akifunge mwisho wa jozi, kule Munama.
Nikapeleka pigo.
Mstari ukanyooka hadi ukingo wa kioo.
Hakuna kilichorudi.

Hapo nikamkumbuka Kitobo na ule unyamavu wake.
Labda alikuwa mwisho unaolingana:
kila nilichompa alikipokea chote,
asibakize mwangwi wa kunirudishia.
Napenda kuamini hivyo.

Lakini mwenyewe angenikatiza, karanga mdomoni:
waya mrefu nao hunywa, kidogo kidogo,
na pigo lililofia njiani halirudi pia.
Aliyepokelewa na aliyepotea,
kiooni wana mstari mmoja.

Kwa hiyo sikukiamini kioo.
Nikamwambia Chisenga, kwa yule yule wa baiskeli,
afungue kizuizi, arudishe simu mahali pake.
Nikainua mkono wa simu, nikazungusha.
Mvumo. Mkwaruzo. Mvumo.
"Allo, Stesheni? Huku mvula iko inanyesha.
Kwenu?"

Nilitazama upande wa Munama, juu ya nguzo.
"Bado," nikasema. "Iko njiani."