Gamba na Dirisha

Baba alinifunza kompyuta kabla ya baiskeli,
katika ofisi ya chini ya kiwanda cha maziwa, Võru,
ambako theluji iliziba nusu ya dirisha
na mashine zilikoroma kama paka aliyeshiba.
Skrini nyeusi. Mstari mmoja wa herufi za kijani.
Kijistari kikikonyeza, kikikonyeza, kikingoja.
"Hili ni gamba," akasema, "na ndani yake kuna kiini.
Kiini hakisikii kelele za watu.
Ukitaka neno likifikie, liambie gamba,
na useme sawasawa."

Nikasema sawasawa. Nilikuwa na miaka saba.
Niliandika herufi mbili, l na s,
na majina ya mafaili yakamwagika
kama njegere guniani.

Miaka ile aliwadharau wenye madirisha.
"Wanaonyesha kwa kidole," alisema, "kama mgeni sokoni Riga
asiyejua mkate unaitwaje.
Mtu kapewa ulimi, yeye anashika kipanya!"
Picha za folda, pipa la taka lenye mfuniko,
milima ya kupendeza nyuma ya kila kitu:
kwake zote mbwembwe,
rangi ya mdomo juu ya ng'ombe.
Nami nilicheka, maana nilijua maneno.
Anayejua maneno hucheka kwa urahisi.

Kisha Februari, kiharusi.
Mkono wa kulia ukalala. Maneno yakamtoka,
yakabaki "ndiyo", "hapana", na jina la mbwa
aliyekufa mwaka tuliobadili pesa.
Kikombe alikiita "ndiyo".
Mimi aliniita Muri.

Nikamwekea eneo-kazi, mimi, mwanafunzi wa gamba.
Nikachagua mandhari: ziwa Tamula limeganda.
Nikazikuza ikoni zikawa kama visahani:
bahasha ya barua, noti ya muziki, uso wa mama.
Kipanya nikakihamishia kushoto.
Alikaa kitambo. Kishale kikayumba
kama nzi aliyepigwa na baridi,
kikatua juu ya ule uso.
Akabofya. Mama akafunguka, mkubwa,
na ndoo yake ya matunda ya msituni.

Hapo nikaelewa nilichokuwa nikikicheka.
Gamba hukujibu ukijua cha kuuliza;
halikwambii kuna nini, halikunyooshei mkono.
Mlango wake ni neno,
na neno likipotea, ukuta mtupu.
Eneo-kazi hutandaza vyote mezani:
mgeni, huna haja ya kujua jina,
onyesha tu.

Usiku mmoja wa Machi, yeye kalala,
nilifungua dirisha jeusi nikitafuta jambo jingine.
Nikabonyeza mshale wa juu,
ule unaorudisha amri za zamani moja moja.
Zikaja kinyumenyume, kutoka asubuhi ile:

l
lls
sl
sl

na nyuma yake za jana yake, safi, hazina kasoro.

Mara nne gamba lilimjibu: amri haijulikani.
Mara nne. Sisi tulikuwa jikoni tukibishana bei ya kuni.
Gamba ndilo lililogundua kwanza,
likasema kwa adabu yake kavu, likanyamaza,
kwa kuwa hakuna aliyelifunza kupiga yowe.

Juzi alinigusa bega. Akasogeza kishale hadi kona,
penye ikoni ndogo nyeusi niliyosahau kuiondoa.
Akabofya. Kidole cha kushoto kikatafuta, kikatafuta:
l.
Kimya kirefu. Kuni zikaalika jikoni.
Nilijua herufi ya pili. Nikauma ulimi.
s.

Majina yakamwagika. Hakuweza kutamka hata moja.
Aliyagusa kwenye kioo, mstari kwa mstari,
akafika mwisho, akanigeukia,
akasema, "Muri."