Saa Kumi Alfajiri

Babu yangu Varkey alikuwa mgema wa mpira
katika vilima vya Kerala, ambako mvua ni mgeni asiyeaga.
Saa kumi alfajiri, taa kipajini, kisu mkononi,
aliingia shambani peke yake.
Jua likishapanda, mti wa mpira hufunga mkono;
humpa anayeujia gizani.
Alichora mshazari mwembamba kwenye gome
(ukikata kwa pupa unaua mti,
ukikata kwa woga huambulii kitu),
akatega kifuu cha nazi, akaondoka
kabla tone la kwanza halijafika ukingoni.
Hakusimama kutazama. Miti mia tatu ilimngoja.

Mimi nilikuwa hodari wa Jumapili.
Kanuni ya Imani niliisoma bila kukwama,
kwa Kimalayalam, na vipande vya Kisiria nisivyovielewa,
na Padri Ouseph alinipa peremende.
Nilidhani imani ndiyo hiyo: kutokwama.

Kisha bibi Eliamma akaugua figo.
Tulifunga, tukakesha, tukawasha mishumaa
mpaka sakafu ikateleza kwa nta.
Akafa Jumanne, mchana kweupe,
chai yake haijapoa.

Jumapili iliyofuata, waumini walipofika “Nasadiki,”
babu alifumba mdomo.
Na Jumapili ya pili. Na mwaka mzima.
Alisimama pale, ndara kaziacha mlangoni kama wote,
mikono inanuka tindikali ya kugandishia mpira,
kimya kama duka lililofilisika.
Watu wakanong'ona: Varkey imani imemtoka.
Nami nilinong'ona.

Mwaka huohuo jirani yetu Thommen akapigwa na kiharusi.
Thommen yule aliyehamisha jiwe la mpaka usiku,
akameza miti yetu kumi na minane,
akaapa mahakamani, kiganja juu ya Biblia.
Nikasema, Mungu si Athumani. Nikalala usingizi mtamu.

Babu hakusema kitu. Ila taa yake
niliiona ikilivuka jiwe lile,
saa nane sasa, si saa kumi,
maana miti ilikuwa imeongezeka.
Aligema ya Thommen kwanza, yake baadaye,
na ile kumi na minane, miti yetu kwa haki,
utomvu wake aliumimina kwenye ndoo ya Thommen.
Hapo ndipo nilipokasirika kweli.

Nikamzuia njiani asubuhi moja:
“Babu, kanisani huwezi hata kusema unaamini.
Basi haya ya nini? Unalipa deni gani?”
Aliketi kwenye gogo, akamtia chumvi ruba
aliyemganda kifundoni, akasubiri aanguke.
“Kusema siwezi. Nikifika pale koo linajaa.
Kuamka naweza.
Basi naamka.”
Nikangoja aya, nikangoja mfano.
Alinipa ndoo nibebe.

Siwezi kukwambia Thommen alitubu.
Mdomo wake ulipinda, maneno hayakurudi,
jiwe liko palepale hadi leo.
Mkewe aliuza zile karatasi za mpira, akalipa hospitali,
akatushukuru nusunusu, macho chini.

Wala siwezi kukwambia babu alipona.
Ila Jumapili moja isiyo sikukuu,
ubavuni pangu, sauti kavu kama gome
ilisema, “Nasadiki,”
ikakwama hapohapo,
haikufika hata “kwa Mungu mmoja,”
na waumini wakampita
kama maji yanavyolipita jabali.

Leo nikiulizwa imani ni nini
naisoma Kanuni yote, mwanzo hadi amina,
bila kukwama, kisha naona haya.
Nakikumbuka kifuu kimetegwa gizani, kitupu bado,
na aliyekitega kishafika mti wa pili.