Sentimita Kumi za Ziada

Kwanza nyayo.
Usitazame masikio, alisema Rauno wa dukani, wala macho,
macho ya mtoto wa mbwa ni wakili wa uongo.
Tazama nyayo: hizo zimeshafika utu uzima
na zinamsubiri mwenyewe.

Za Hilla zilikuwa pana kama visahani vya chai,
wiki ya tisa, Januari, Oulu,
theluji imefikia kisanduku cha barua,
na baba yake, huko Kemi, nilimwona kwa macho yangu
akinywa maji kwenye sinki bila kuinua miguu.

Nilitaka kizimba kidogo, kile cha buluu.
Mtoto mdogo, kitanda kidogo.
"Kufikia Machi utakitupa," akasema Rauno.
Basi nikataka kikubwa, kikubwa kabisa,
maana nani apendaye kubanwa?
Akacheka hadi kofia ikamshukia machoni:
"Mpe ukumbi, atalala huku,
na kule atageuza choo."

Nilinyamaza hapo, mbele ya rafu ya vyakula vya paka.
Tangu Veijo azikwe nina vyumba vitano.
Nalala kwenye kochi la jikoni, karibu na moto,
na vile vingine vinne
sitasema nimevigeuza nini.
Magazeti. Maboksi. Buti zake. Baridi.

Tulipima. Rula ya Veijo ya mbao, ile ya kukunja,
iliyotafunwa ncha na mbwa wa kabla ya mbwa wa kabla.
Pua hadi shina la mkia: arubaini na moja,
kisha arubaini na tatu,
kisha hakuna kitu, ameilalia rula.
Sakafu hadi utosi, akiwa ameketi.
Ameketi! Hilla, keti.
Ongeza sentimita kumi.
Kumi za nini? Za kujigeuza,
za kuota unakimbia,
za kesho.
Mimi fundi cherehani, miaka thelathini na mmoja;
nguo ya mtoto haikatwi bila pindo nene ndani,
na nani aliyewahi kulisifu pindo?

Nikanunua cha mwili atakaokuja kuwa nao,
na wavu wa katikati, wa kusogeza.
Wavu ule ndio siri yote.
Asimame bila kuinamisha kichwa,
ajizungushe kama maji yanayotoka karai,
alale ubavu, anyooshe miguu yote minne, basi.
Zaidi ya hapo ni uwanja. Pungufu ya hapo ni kesi,
na yeye hajashtakiwa na mtu.

Hata hivyo usiku wa kwanza alilia kizimbani
kama aliyesomewa mashtaka kwa lugha asiyoijua.
Wa pili nilishusha godoro sakafuni.
Wa tatu nikasikia pumzi mbili
na sikujua ipi yangu.

Februari: wavu nyuma, matundu mawili.
Machi: matundu manne. Meno ya utotoni chini ya kochi,
nimeyaweka kwenye kopo la vifungo.
Aprili barafu ya mto inapasuka, nami nikakosea:
nilisogeza mapema, kwa huruma tu,
asubuhi pembe ya nyuma imelowa
na mkosaji anatazama dari.
Nikaurudisha wavu mbele. Tukaombana radhi.

Sasa ni Juni, jua limesahau kuzama,
na wavu hauna tena pa kwenda.
Nimeuchomoa. Nimeuegemeza ukutani,
koridoni, kando ya mlango wa chumba cha Veijo.
Hilla, ambaye siku hizi nampapasa mgongo bila kuinama,
amepeleka pua kwenye upenyo wa chini,
anavuta harufu ya buti,
anapiga mkia, anangoja, anavuta tena.

Subiri, namwambia.
Subiri kwanza nilete rula.