Kwikwi

Ulaanbaatar, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na laptopu ya Temuulen inatokwa jasho.
Mchezo peke yake huteleza kama mlenda;
akiwasha kurekodi tu, farasi wake
anakimbia kwa kwikwi.

Mshika mawili, moja humponyoka.

Akapunguza vivuli, nyasi, ukungu.
Video akaitupia diski ya nje.
Kurekodi akaiachia kona ya kadi ya picha
iliyokuwa imekaa tu, mikono mfukoni.
Mashine akaisogeza dirishani, penye barafu.

Farasi akanyooka.

Usiku akatazama alichokinasa.
Ushindi, sawa. Ila maikrofoni
imedokoa pia sauti ya mama, jikoni,
akimimina chai ya maziwa:
"Utakula saa ngapi?"

Jibu halisikiki.
Zinasikika kwato,
bila kwikwi hata moja.